Mtaro Huu Utafungwa Lini?

Kuna neno moja ambalo sasa lanichosha masikio. Ni neno "maendeleo". Si kwamba nayachukia maendeleo, hasha! Nachoshwa na namna watu wanavyolitumia neno hilo kumfunga kinywa mtu aliyeumia. Mtu akinung'unika kwamba njia imechimbwa, huambiwa: ni maendeleo. Akisema gari halisimami tena karibu na nyumba yake, huambiwa: vumilia, ni maendeleo. Na mimi mwenyewe nimelitamka mbele ya mama mzee, na jibu lake ndilo lililonishikisha kalamu.

Habari yenyewe ni hii. Hapa Bwegera, kando ya barabara kubwa itokayo Uvira kwenda Bukavu, ulichimbwa mtaro wa kutandika mabomba ya maji. Waliouchimba siwataji, maana sikusudii kumwaibisha mtu. Mtaro wenyewe ulifika kiunoni mwa mtu mzima, ukaachwa wazi muda mrefu, hata mvua zikaanza kuzimeza kingo zake. Magari ya abiria yakaacha kusimama mahali pa zamani, chini ya mwembe, penye kivuli na penye mawe ya kukalia. Yakahamia mbele, ng'ambo ya mtaro, juani, mahali pasipo hata gogo. Kwa kijana ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Kwa koko mwenye magoti yaliyovimba ni safari nzima, na jasho, na mapumziko matatu.

Koko ninayemsema ni mjane. Kila mwezi alikuwa akishuka Uvira kwa ajili ya dawa za tansio. Siku hiyo nilimkuta amesimama ukingoni, fimbo mkononi, akiutazama mtaro kama mtu atazamavyo mto uliofurika. Palikuwa na ubao mmoja tu wa kuvukia, mwembamba, nao ulikuwa umelowa. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kufundishia: "Koko, uvumilie kidogo. Ni maendeleo haya, tutapata maji." Akanitazama kitambo, akasema: "Mwalimu, maji nayataka. Lakini niambie, mtaro huu utafungwa lini? Wewe una miaka ya kungoja. Mimi nimebakiwa na mingapi?"

Sikuwa na la kujibu. Nikamshika mkono, tukavuka polepole. Tulipofika ng'ambo, gari lilikuwa limekwisha kwenda.

Basi, nataka nijibu leo, si koko yule, bali wale wote wanaosema kama nilivyosema mimi.

Kwanza, mtu asinidhanie kuwa nayapinga mabomba. Twajua sote kipindupindu kilivyousumbua mji wa Uvira miaka mingi. Twajua pia kwamba miaka hii, kabla na baada ya 2020, REGIDESO ilitandika mabomba mapya Uvira na kujenga bomba za watu wote mitaani, kwa msaada wa Wafaransa na Umoja wa Ulaya, ili watu wasichote tena maji ya ziwa na ya mto. Hiyo ni kazi njema, nami naisifu. Bila kuchimba hapana bomba. Neno langu ni juu ya namna ya kuchimba: nani aulizwa kabla, nani apewa njia wakati wa kazi, na nani asahauliwa kazi ikiisha.

Wako wanaojibu upesi: "Wazee wabaki nyumbani. Wanatafuta nini barabarani?" Nimelisikia neno hili pakingini, nimelisikia hata mlangoni mwa kanisa, kwa watu wazima wenye akili. Haya, tuwaulize wazee wanatafuta nini. Huyu aenda kuchukua dawa. Yule ana kikapu cha mihogo au mawese, na kama hakuuza leo, wajukuu hawali. Maana katika bonde letu hili la Ruzizi, nani aliyewalea mayatima wa vita? Makoko. Baba ameuawa, mama amekimbilia mbali, na mtoto amebaki kwa bibi yake. Huyo bibi ndiye anunuaye daftari. Mwingine aenda kuzika, maana kwetu mzee asiyefika matangani huonekana ana kinyongo. Sijamwona bado mzee wa Bwegera aliyepanda gari kwa starehe. Ukimwambia abaki nyumbani, umewafungia nyumbani watu watano wanaomtegemea.

Na tena, hiyo barabara si sadaka tunayopewa. Tangu sheria ya mwaka 2008 iliyoanzisha mfuko wa kutunza barabara, ule uitwao FONER, kila lita ya mafuta hutozwa kitu kwa ajili ya barabara, na pale penye peaji gari hulipa. Dereva hatoi fedha hiyo mfukoni mwake, aiweka katika nauli. Kwa hiyo koko na kikapu chake amelipa barabara. Na Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, yasema wazi kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kadiri ya mahitaji ya mwili wao. Wakubwa wetu wanakijua kifungu hiki, na hukisoma siku za sikukuu. Ningependa wakisome siku moja ukingoni mwa mtaro.

Mtu atasema: "Mwalimu, watu wa bonde wamezoea kuzungushwa. Ubao mmoja ni nini kwao?" Ni kweli, tumezoea. Njia ya kwenda Bukavu kwa upande wetu hupanda mlima wa Ngomo, njia nyembamba yenye korongo ubavuni, ambako makamioni yameanguka mara nyingi. Ndiyo sababu kwa miaka mingi magari mengi yalizunguka kwa Rwanda: kutoka Kamanyola huvuka mto Ruzizi, huingia Bugarama, hufuata lami ya majirani, kisha huingia tena Kongo penye Bukavu. Lami ni nzuri, sikatai. Lakini mzee alipaswa kushuka na kupanda, kutoka Kongo, kuingia Rwanda, kutoka Rwanda, kuingia Kongo, kila mahali na mstari wake na karatasi yake. Yeye aliyezaliwa Bwegera, anayekwenda Bukavu kumwona mwanawe, alihesabiwa mgeni mara mbili kwa siku moja. Na asiyekuwa na kadi ya kupigia kura, maana kwetu hiyo ndiyo kitambulisho, alibaki chini.

Mwaka 2020, mwezi wa Machi, mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona, watu wakarudi Ngomo. Mwezi uliofuata mto Mulongwe ukafurika Uvira, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba kwa maelfu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, barabara ya Gatumba ikafunikwa na maji, watu wakavushwa kwa mitumbwi. Mwaka 2025 vita vikafika Kamanyola, njia ya Bukavu ikakatika, na mwezi wa Desemba vikateremka bondeni hata Uvira, maelfu wakakimbilia Burundi. Nani aliyebebwa mgongoni siku zile? Na nani aliyeachwa nyumbani kwa sababu hakuna mgongo uliobaki? Kila jamaa yajua jibu lake, sitalisema hapa.

Lakini angalieni, ndugu. Mafuriko hayaombi ruhusa, na vita haviulizi mtu. Mtaro wa mabomba ni jambo jingine kabisa. Huchorwa kwanza juu ya karatasi. Una tarehe ya kuanza, una fedha yake, una msimamizi mwenye daftari. Mtu aliyeweza kuhesabu mabomba na mifuko ya simenti aweza kuhesabu pia milango ya wazee iliyoko kando ya njia. Kuyachanganya mambo haya mawili na kusema "wamezoea" ni kuyafanya mateso ya jana kuwa ruhusa ya kuwatesa leo.

Tena mtaro hauwasumbui wavukao tu. Barabara ikichimbwa, makamioni huzungushwa kwa vijia vya ndani, katikati ya nyumba, mahali wazee wanapokaa kuota jua na watoto wanapocheza. Vumbi si kitu. Lakini watu wa bonde hawajasahau Sange, tarehe 2 Julai 2010, lilipopinduka gari la mafuta na kuwaka moto, watu zaidi ya 230 wakafa. Gari lile lilikuwa katika barabara kubwa. Mimi nikiona tangi la mafuta likipita polepole mita mbili tu toka mlango wa koko, katika kijia kilichofanywa kwa ajili ya mbuzi na baisikeli, siwezi kusema "ni kwa muda tu" na kulala usingizi.

Je, yawezekana kufanya vingine? Yawezekana. Dar es Salaam, mji wenye watu wengi kupita miji yetu yote ya huku, mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016. Vituo vyake vilijengwa vikiwa sawa na sakafu ya basi, na njia ya mteremko badala ya ngazi, hata mwenye fimbo na mwenye kiti cha magurudumu waingie. Siwasifu kwa yote, maana wenyewe hulalamika juu ya msongamano. Lakini aliyechora kituo kile alimwona mzee kabla ya kumwaga simenti. Huko Ufaransa, amri ya mwaka 2007 yadai njia ya waendao kwa miguu iwe na upana wa sentimeta 140. Sisi hatudai 140. Twadai mbao tatu zilizopigiliwa pamoja, na kamba ya kushikia. Hiyo ni kazi ya seremala mmoja kwa asubuhi moja.

Twadai pia tangazo. Siku ile tangazo lilikuwepo, nalikubali: karatasi ya Kifaransa ilibandikwa ukutani. Koko hasomi Kifaransa, na hata asomaye hakulazimika kuupitia ukuta ule. Mbona soko lipo, na makanisa yapo, na misikiti, na wazee wa vijiji wanaosema Kifuliiru? Neno likitangazwa sokoni, jioni limefika hata njia ya Lemera. Na liseme siku: siku ya kuanza, na siku ya kufukia. Mtaro usio na siku ya kufukiwa usichimbwe, hasa mvua zikikaribia.

Nisiwaelemee wachimbaji peke yao. Madereva nao, wakiona fimbo ng'ambo ya mtaro, hupiga honi mara moja na kuondoa gari, kwa sababu kijana hupanda upesi na mzee huchelewesha. Kiti cha mbele huuzwa kwa mwenye simu kubwa. Na vijana wetu wa kwaya, wanaoweza kubeba ngoma mbili toka hapa hata Luberizi, niliwaona wameketi juu ya udongo wa mtaro uleule wakitazama jinsi koko mwingine anavyovuka kwa kutambaa. Ndiyo, kwa kutambaa, mikono na magoti, na kitambaa chake cha kichwa kimeanguka. Mmoja alicheka. Nilimjua, maana nilimfundisha mimi, na usiku ule nilijiuliza nilimfundisha nini.

Sasa nifike mahali panaponiuma zaidi. Mtaro hatimaye ulifukiwa. Maji ni habari nyingine, tuyaache. Lakini magari hayakurudi chini ya mwembe. Pakingi imebaki kule mbele juani. Wauza mafuta ya chupa na wauza mikate wamekwisha kujenga vibanda vyao pale, madereva wamepazoea, na mahali pa zamani pameota majani. Ukiuliza, wasema, "Si mliambiwa ni kwa muda?" Ni kwa muda kweli, lakini muda huo hauna mwenyewe. Hapo ndipo wazee wanapoibiwa mara ya pili, tena kimya kimya, maana hakuna tena mtaro wa kuuonyesha kwa kidole.

Koko yule hashuki tena Uvira. Dawa zake huletwa na mjukuu, akipata nauli, na asipopata, mwezi wapita bila dawa. Nilipomtembelea juzi, miguu yake ilikuwa imevimba kuliko kwanza. Hakunilaumu. Aliniuliza habari za mwembe, kama bado unazaa.

Nimekwisha kuzungumza na wakubwa wa pakingi. Jumatatu asubuhi watatupokea, mimi na wazee watatu, tuombe gari zirudi kusimama chini ya mwembe, au angalau zisimame mahali pote pawili. Nilitaka kusema mimi kwa niaba yao. Koko amekataa. Asema atasema mwenyewe, nasi tumletee kiti tu na pikipiki ya kumfikisha. Kiti nimekwisha kukipata. Anayeweza kutoa pikipiki kwa asubuhi hiyo moja, mwenye dereva mpole, anione baada ya misa ya Jumapili.