Motokaa ya Jamaa: Tuanze na Kipi?



Baba mmoja mwenye watoto watano ameniletea barua. Yeye na ndugu zake wawili wameuza kahawa, wakachanga fedha, wakanunua Land Rover ya zamani, ile ndefu yenye mabenchi ya kutazamana nyuma. Motokaa ni nzima, injini yalia vizuri, lakini ndani ni tupu kama nyumba iliyohamwa. Sasa auliza: “Mwaka huu tumebakiwa na fedha ya kununua kitu kimoja au viwili tu. Tuanze na keria ya juu, au ngao ya mbele, au winchi?”

Ndugu yangu, jibu langu si kimoja cha hivyo vitatu. Usikasirike. Nisikilize kwanza, maana mimi nilianza na vitu hivyo hivyo, nami nilijuta.

Wala usione haya kwamba motokaa yenu ni tupu. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mjini Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa chombo cha shamba tu. Paa lenyewe, na sehemu za juu za milango, vilinunuliwa mbali. Mwenye shamba alipata kwanza gari, halafu akaongeza kidogo kidogo kadiri ya mfuko wake. Motokaa za umbo lile la zamani ziliacha kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, Januari 2016, na nyingi zingali zikipanda milima yetu. Kuongeza kidogo kidogo ndiyo desturi yake tangu kuzaliwa. Ubaya ni kuanza na kile kinachotazamwa na watu njiani.

Sisi huku Umatengo, wilaya ya Mbinga, fedha ya kushikika huja mara moja kwa mwaka, kahawa ikisha kuuzwa. Basi msimu wa kwanza nikamwendea fundi wa kuchomelea, akanitengenezea keria ya chuma, nzito na yenye ngazi. Juu yake nikafunga taa nne. Msimu wa pili nikaweka ngao ya mbele. Mama watoto akaniuliza, “Baba, na mikanda ya watoto je?” Nikamjibu, “Mwakani.” Nawaambieni kweli: nilipenda jinsi vijana walivyosimama kuitazama motokaa yangu mbele ya kanisa baada ya Misa.

Ikafika Februari, mvua haikatiki. Saa nne usiku jirani akabisha hodi. Mke wake alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na mkunga amesema hakuna kungoja, apelekwe hospitali. Nikaruka kitandani. Tukamweka mama yule kwenye benchi la nyuma pamoja na shangazi yake, na mumewe akakaa mbele nami. Juu ya keria yalikuwako magunia mawili ya mahindi niliyotaka kuyapeleka mashineni kesho yake. Nikasema moyoni, kuyashusha ni kupoteza wakati.

Ninyi mnaokaa milimani mnajua udongo wetu mwekundu ukilowa. Ni kama sabuni. Kwenye kona moja magurudumu ya kushoto yakateleza kwenye mfereji. Motokaa isiyo na mzigo juu ingeinama kidogo tu ikasimama. Yangu ililala kwa kuvutwa na ule uzito wa juu, ikabaki imeegemea ukingo. Mama yule akatupwa kutoka kwenye benchi. Mkanda hakuna. Bega likagonga mlango, na kama si shangazi yake kumdaka, angeanguka kwa tumbo.

Nikatoa jeki. Nilipoipandisha, motokaa haikuinuka. Jeki ndiyo iliyozama katika tope. Ubao wa kuiwekea chini sikuwa nao. Beleshi sikuwa nalo, wala jembe, mimi mkulima! Nikazima injini ili mafuta yasiishe, nikaziacha zile taa nne zikiwaka tupate kuona. Tulichimba kwa mikono na kwa sufuria. Watu wa nyumba ya jirani wakaona mwanga, wakaja na majembe. Mzee mmoja akarudi kwake, akang'oa ubao wa kitanda chake mwenyewe, akaniletea niuweke chini ya jeki. Tulipokuwa tayari kuondoka, nikageuza ufunguo: kimya. Taa zimemaliza betri. Bahati mbele yetu palikuwa na mteremko. Wanaume wale wakatusukuma, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi, injini ikashika.

Tulifika hospitali saa kumi alfajiri. Mganga alimpasua mama papo hapo. Kwa neema ya Mungu wote wawili walipona, na yule mtoto, msichana, amepata Komunyo ya kwanza mwaka huu. Mama yake hajanilaumu hata siku moja. Ningaliona nafuu kama angalinilaumu.

Sasa, ndugu yangu, nitakuambia nilivyoanza upya.

Kwanza kabisa ni mikanda. Mkanda huu tunaoujua, wa kupita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin katika kiwanda cha Volvo, nchi ya Sweden, mwaka 1959. Si kitu kipya, wala si anasa ya watu wa mjini. Mabenchi ya kutazamana ni mabaya kwa watoto, kwa sababu motokaa ikigonga, mtu hurushwa ubavu. Afadhali yatolewe, viwekwe viti vya kutazama mbele, kila kimoja na mkanda wake. Hapa mwangalie fundi wako kwa macho mawili. Bodi ya Land Rover ni alumini, nyepesi na laini. Boliti iliyopita kwenye bati hilo peke yake itang'oka siku ya ajali kama msumari katika mgomba. Mkanda ufungwe mahali penye chuma cha kubeba, na nyuma ya boliti kiwekwe kibati kipana cha chuma. Mama mjamzito naye afunge mkanda, ule wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, usipite katikati ya tumbo. Utasema, “Jumapili nabeba watu kumi na wawili kwenda Misa, viti vitatosha wapi?” Havitatosha. Utakwenda mara mbili.

Pili, matairi matano ya kipimo kimoja. Nasema matano, maana tairi la akiba lililochoka ni mzigo tu. Kila mwezi lipime upepo, na mjaribu kulifungua na kulifunga nyumbani mchana, wewe na mama watoto na kijana wako mkubwa, mpaka mzoee. Nati zilizoshika kutu zigunduliwe uani pako, zisigunduliwe porini. Pampu ya mkono pia itafaa, hasa kwenu mnaokaa mwambao wa ziwa Nyasa: penye mchanga mzito ukipunguza upepo wa matairi mpaka karibu 20, gurudumu hutanda likapita, ukifika barabara ngumu uliujaze tena kabla ya kwenda mbio.

Jeki ina mambo yake. Uwe na ubao mnene, sentimeta 40 kwa 40, usiotoka motokaani hata siku ya arusi. Nao wengi hawajui jambo hili: breki ya mkono ya Land Rover hizi za zamani haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti iendayo nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani laweza kuzunguka, na motokaa ikateremka ikiwa breki imevutwa! Kwa hiyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini kabla ya kugusa jeki. Wale wenye jeki ndefu ya mkono wa chuma waangalie uso na taya zao, maana mkono ule ukiponyoka hupiga kama teke la punda. Wala mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki tu. Hata kwa dakika moja. Hata kuokota spana.

Pamoja na jeki nunua beleshi, panga, na kamba nzuri ya kuvutia. Havina fahari, na bei yake yote haifiki bei ya keria yangu. Kamba ifungwe kwenye ndoano au kishikio kilichoshikwa na fremu. Isifungwe kwenye kile kitufe cha kukokotea trela. Kitufe hicho hukatika kikaruka kama risasi, nako ulimwenguni watu wameuawa nacho. Watoto na watazamaji wasimame mbali kuliko urefu wa kamba.

Haya, taa. Sikatazi taa, njia zetu za usiku ni mbaya. Lakini piga hesabu. Taa moja ya wati 55 hunywa karibu ampea nne na nusu katika betri ya volti 12. Nne hunywa kama 18. Betri ya ampea 70, tena iliyochoka kama yangu, injini ikiwa imezimwa itakuacha katika muda wa saa mbili hivi, pengine kabla. Taa mbili zatosha. Waya zake zipite kwenye fyuzi na rilei, maana waya uliotoka moja kwa moja betrini bila fyuzi ukichubuka waweza kuichoma motokaa yote. Na kwa kuchimbia usiku, nunua tochi.

Tumefika kwenye keria, naona watabasamu. Yangu niliishusha nikaipima kwenye mizani ya kahawa. Kilo 62, tupu! Kitabu cha motokaa husema paa laweza kubeba kiasi gani, na uzito wa keria yenyewe umo katika kiasi hicho. Fanya hesabu ya usiku ule: kilo 62, na magunia mawili ya kilo mia mia, ni kilo 262 juu ya vichwa vyetu. Siku hizi ninayo keria ndogo nyepesi, nayo hubeba vitu vikubwa visivyo na uzito: magodoro, matenga matupu, mikeka. Mahindi, maji na mafuta hukaa chini, katikati ya magurudumu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, la dizeli ni karibu 17, usidharau. Petroli usiiweke kamwe ndani walimo watu. Watu juu ya keria? Hilo sitalijadili.

Ngao nimeitoa, nayo sasa ni sehemu ya uzio wa nguruwe. Nchi za Ulaya ziliweka sheria mwaka 2005 kwamba ngao za mbele zipimwe kwanza, zisije zikamwumiza vibaya mpita njia anayegongwa. Mwenyewe simama mtoto wa darasa la pili mbele ya ngao yako, uone chuma kile kinafika wapi mwilini mwake. Mimi nilifanya hivyo na mwanangu. Jioni ile ile nikachukua spana.

Ama winchi, ni kitu kizuri kwa mwenye kazi nayo, kama gari la hospitali au la misheni linalotembea peke yake mbali na watu. Lakini ni nzito, huhitaji betri yenye nguvu, huhitaji mti imara au mwamba wa kushikilia, na tena huhitaji mtu aliyefundishwa. Waya wake wa chuma ukikatika wakati wa kuvuta waweza kukata mguu. Ukiitumia, tupa blanketi zito au gunia lililolowa katikati ya waya, nalo litaupunguza mruko.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fedha yenu ya mwaka huu: viti na mikanda. Ikibaki chenji, ubao, beleshi na kamba. Matairi mwakani, kama haya mliyo nayo yangali na meno. Pia pelekeni motokaa kwa fundi aangalie breki kabla ya yote, maana hilo hukuniuliza, nami sikulitaja kwa sababu nadhani mmekwisha lifanya. Kama hamjalifanya, viti vingoje.

Yule mzee wa ubao wa kitanda nilimpelekea kitanda kizima msimu uliofuata. Ubao wake hakutaka nimrudishie. Ungali motokaani.

Winchi sisi hatuna. Mwaka jana fedha ilikuwapo, ikaenda kwenye bati la jiko. Mwaka huu mama watoto asema tungoje kwanza tuone bei ya kahawa.