KIPAJI HAKILIPIWI ADA: TAMKO LA TAWI KUHUSU NAFASI ZA KILAKALA NA MZUMBE



Kila majina ya kidato cha kwanza yanapotoka, tunaulizwa swali moja: "Binti kaongoza shule nzima, mbona Kilakala hayumo?" Tumeona tuweke msimamo wetu kwa maandishi.

*Kwanza tuwekane sawa.* Serikali ina sekondari saba za vipaji maalumu: Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana; Mzumbe, Ilboru, Kibaha na Tabora Wavulana. Mbili ziko mkoani kwetu. Walimu wa Kilakala hawachagui mtu. Anayepanga ni TAMISEMI, na wanaopangiwa shule hizi ni wenye alama za juu zaidi mtihani wa darasa la saba. Ugomvi wetu hauko na shule, uko na kipimo.

*Kipimo hiki kinapima akili ya mtoto pamoja na mfuko wa mzazi.* Mtoto wa shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza ana darasa la watoto wachache, vitabu vyake na mitihani ya majaribio isiyoisha. Mtoto wa shule ya umma kule Luhungo au Kinole anapanda na kushuka mlima, darasa limefurika, na akirudi kuna ndizi za mama za kuandaa zishuke soko la Chifu Kingalu. Wa kwanza akipata 280 kati ya 300, wa pili 255, nani ana kipaji zaidi? Alama peke yake haziwezi kujibu. Lakini nafasi zinagawiwa kana kwamba zimejibu.

Tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Hilo ni jema. Ila matokeo yake, aliyeweza kulipa mamilioni shule ya msingi anapata bweni bora la serikali bila ada, na asiyeweza anabaki kutwa shule ya kata. Kodi ni ya wote, hata muuza mchicha.

*Watasema tuna wivu.* Hapana. Watoto wa shule binafsi ni wetu pia, na wapo wanachama humu waliojinyima kuwasomesha. Hatutaki wafungiwe mlango.

*Watasema viwango vitashuka.* Hatuombi aliyeshindwa abebwe. Tunaombea aliyeongoza wenzake katika mazingira magumu. Shule hii, ilipokuwa Marian College ya masista wa Maryknoll, ilimlea binti kutoka kisiwa cha Ukerewe, Gertrude Mongella, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995.

Wala si jambo geni. Miaka ya 1970 nchi yetu iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa na wilaya, ili waliotangulia wasizoe zote. Kenya mwaka 2011 waligawa nafasi za shule za kitaifa kwa uwiano wa watahiniwa wa shule za umma na binafsi. Wenye shule binafsi walipiga kelele, lakini ilifanyika.

*Tunadai:*
1. TAMISEMI itangaze kila mwaka, kwa kila shule ya vipaji, wangapi wametoka shule za umma, wangapi binafsi, na halmashauri zao.
2. Kila halmashauri ihakikishiwe nafasi kwa wanaoongoza katika shule zake za umma. Zinazobaki wote washindanie.
3. Waliosoma kwa Kiswahili wapewe muda na walimu wa kuzoea Kiingereza. Ugeni wa lugha si upungufu wa akili.

Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, imeleta elimu ya lazima ya miaka 10, msingi ukiwa miaka sita. Utaratibu wa kuchagua lazima uandikwe upya. Tukinyamaza sasa, utaandikwa bila sisi.

*Kazi ya kila mwanachama:* nenda shule ya msingi ya umma ya mtaani kwako, muulize mwalimu mkuu kwa heshima ni watoto wangapi wamepangiwa shule za vipaji miaka mitatu iliyopita. Leta idadi tu, bila majina ya watoto, kikao kijacho cha tawi. Tutaipeleka kwa diwani na mbunge, na tutataka jibu.

Sambaza kwa majirani, hata wasio wa chama chetu.

Imetolewa na Kamati ya Tawi
Kilakala, Manispaa ya Morogoro