Programu Huria na Wajibu wa Mwalimu

Walimu watarajiwa hawana budi kufahamu kwamba programu huria hailindwi na leseni peke yake. Redis, programu ya kuhifadhi data, ilikuwa huria tangu 2009. Makampuni makubwa yakawakodishia wateja huduma yake kwenye kompyuta za mbali, yaani wingu. Machi 2024 wenye Redis, wakidai kuwa wenzao walivuna bila ya kupanda, waliibana leseni. Kabla ya mwezi kwisha, baadhi ya wachangiaji walianzisha Valkey kwa msimbo uleule. Mei 2025 Redis ikarejesha leseni huria. Ujuzi wa watu ndio uliookoa mali hiyo. Basi tusiishie kufundisha kubofya. Wanafunzi wazifungue programu ndogo, wazisome, wazirekebishe.