Wino Feki Utakutoa Jasho

Vijana wengi hapa Mlolongo tuna printa nyumbani. Wino ukiisha, tunakimbilia ule wa bei ya kutupa. Rahisi ghali, jamani! Katriji feki huvuja, huziba matundu ya wino, na usiku ule unachapisha CV ya kupeleka EPZ Athi River asubuhi, karatasi inatoka na mistari. Printa inaishia kwa fundi.

Sikatai kujaza wino upya, wala katriji ya kampuni nyingine inayouzwa kwa jina lake. Tatizo ni ile inayovaa jina lisilo lake; sheria ya bidhaa ghushi ya 2008 imepiga marufuku kuiuza. Kagua pakiti, dai risiti. Muuzaji akisitasita, ondoka.