Bustani ya Vipepeo ni Darasa

Leo twapenda kusema na walimu na wazazi wa Ikinga, wilayani Ileje, juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni bustani ya vipepeo shuleni.

Ufugaji wa vipepeo si jambo geni kwetu. Mwaka 1993 majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke, nchini Kenya, walianza kufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo. Mwaka 2003 wakulima wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, walifuata njia hiyo, na msitu ukapata thamani ukiwa umesimama. Lakini Serikali ilipozuia mwaka 2016 kupeleka nje wanyamapori walio hai, soko la Amani lilifungwa. Kwa hiyo twasema: bustani ya shule isimtegemee mnunuzi wa mbali. Mavuno yake yawe elimu.

Basi ipangwe kwa akili. Wengi hudhani kuwa maua ya rangi yatosha. La! Kipepeo hunyonya maua, bali kiwavi hula majani, na kila aina ina majani yake. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga mayai yake juu ya milimau na michungwa. Apandaye maua pasipo mlimau amewakaribisha wageni asiowawekea chakula cha watoto wao. Mvua zianzapo, mimea yote miwili ipandwe pamoja. Dawa ya wadudu isinyunyizwe humo. Na watoto wahesabu mayai, wapime viwavi, waandike siku za pupa.

Mzazi atauliza: je, mwawafundisha watoto wetu kuwalisha waharibifu wa michungwa? Swali hilo ni la haki. Kiwavi huyo hudhuru hasa miche michanga, na miche yaweza kulindwa kwa kuwaokota viwavi kwa mkono. Mtoto amjuaye mdudu hatamwaga dawa ovyo shambani atakapokuwa mkulima.

Hatimaye twakumbusha kwamba Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi ya shamba iwe sehemu ya masomo. Bustani hii isigeuzwe kuwa adhabu ya wachelewaji. Mtoto anayepalilia pasipo kuelezwa sababu ametumikishwa, hakufundishwa.