Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Atachezea Wapi?

Yakitajwa mashindano makubwa ya michezo, mazungumzo ya barazani kwetu aghalabu huwa ni ya kandanda tu. Leo naomba niutetee mchezo uliosahauliwa, mpira wa mikono. Na nautetea nikiwa huku bara, Embu na Meru, ambako riziki imenileta mbali na upepo wa bahari.

Mwezi wa Januari 2021 Misri ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya wanaume. Kwa mara ya kwanza nafasi zilikuwa 32, na saba katika hizo zilichukuliwa na Afrika: Misri yenyewe, Tunisia, Algeria, Morocco, Angola, Cape Verde, na jirani zetu wa Kongo ya Kinshasa waliokuwa wageni kabisa. Katika robo fainali Misri na Denmark walitoshana nguvu mpaka muda wa ziada ukaisha, ikabidi wapigiane penalti, Denmark ikapita kwa 39 kwa 38. Denmark hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa kwa kuilaza Sweden 26 kwa 24. Mwezi wa Agosti, katika Olimpiki ya Tokyo, Misri iliitoa Ujerumani kwa 31 kwa 26, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya wanaume katika mchezo huo, na ikamaliza ya nne.

Kenya haikuwamo. Je, vijana wetu hawana nguvu? La hasha! Hapa Embu na Meru mpira wa mikono si kitu kigeni, kwani umo katika michezo ya shule za sekondari. Kijana huucheza kwa bidii, akasifiwa na shule nzima. Kisha anamaliza kidato cha nne, na mchezo wake unakwisha siku anayofunga sanduku. Klabu zenye jina, kama Cereals na Strathmore, makao yake ni Nairobi. Mtoto wa mkulima wa kahawa ataifuata vipi klabu huko, naye nauli hana?

Wenzetu wa Misri hawakufika walikofika kwa miujiza. Al Ahly na Zamalek, ambazo sisi twazijua kwa kandanda, zina timu za mpira wa mikono pia, na mchezaji hukulia humo tangu utotoni hata akawa mtu mzima. Hamwachi mtu njiani.

Wako watakaosema kwamba serikali haina fedha. Mbona viwanja vikubwa vimetengenezwa? Kinoru, mjini Meru, kilikarabatiwa kwa ajili ya kandanda ya CHAN ya 2018, Kenya ikapokonywa mashindano hayo mwaka 2017; sherehe za Madaraka zikafanyika hapo Juni 2018. Kiwanja cha Moi, Embu, nacho kikapata zamu yake ya Madaraka mwaka 2023. Sisemi ni vibaya. Lakini mpira wa mikono hauhitaji hata robo ya hayo: uwanja wa mita 40 kwa 20, magoli mawili ya upana wa mita tatu na urefu wa mita mbili, na watu saba kila upande.

Viwanja hivyo vimo mashuleni. Rai yangu ni kwamba shule zifungue milango jioni na siku za mapumziko, vijana waliomaliza masomo wacheze na kuwafundisha wadogo zao, kisha Embu wapambane na Meru kila mwaka kwa kombe lao wenyewe. Wakubwa wa kaunti wachangie mipira na nauli. Hilo si jambo la kungojea wafadhili kutoka ng'ambo.

Nasi wa Pwani tusiwacheke watu wa bara. Mombasa, Malindi na Lamu pia wako vijana waliocheza vizuri shuleni, ambao leo wanamaliza jioni zao vibarazani wakitafuna miraa iliyotoka huku huku Meru. Rwanda, nchi ndogo isiyo na pwani, ilipewa heshima ya kuandaa mashindano ya Afrika ya 2026. Sisi je? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kuinama kwetu ni kukianza kile kiwanja kidogo cha mita 40.