Giga 16 zimekuwa 14.9: nani ameiba?

Ndugu wasikilizaji wa Kakontwe, tusimwite muuzaji mwizi haraka. Kadi ya memori imeandikwa giga 16, kompyuta yenye Windows inaonyesha kama 14.9. Kwa kiwanda giga moja ni baiti bilioni moja. Kwa Windows ni baiti 1,073,741,824. Hata mafundi hunaswa: kwenye Linux, ukiipa amri ya dd 1M, inasoma baiti 1,048,576, ukiandika 1MB, milioni kamili. Herufi moja tu! Tangu 1998 kuna jina gibi la kutofautisha, lakini sokoni nani amelisikia? Mimi nawalaumu watengenezaji: waandike hesabu zote mbili kwenye pakiti. Nanyi mliokimbia makwenu na kadi moja yenye sauti na picha za jamaa, pangeni kwa 14.9.